Gari Zima Lililougulia Njombe: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Mzee alifika gereji kabla ya saa tatu asubuhi, mwezi wa saba, ukungu bado umelala barabarani na vijana wangu wakiota moto wa mabanzi ya paini. Amevaa makoti mawili. Kamwene, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Kisha akafungua buti na kutoa mfuko wa sandarusi. Ndani mlikuwa na pampu ya mafuta, plagi nne na pedi za breki za mbele, zote zimetolewa kwenye gari lake ndani ya miezi minne.

"Hivi vyote vimebadilishwa," akasema, "na gari ni lilelile. Sasa naambiwa tatizo ni kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Eti ya Dar haijui milima, inatakiwa iprogramiwe. Laki moja na nusu."

"Umelipa, mzee wangu?"

"Bado. Ndiyo maana niko hapa."

Naandika kisa hiki kwa sababu nakutana nacho kila mwaka kwa sura tofauti: gari la petroli linatoka pwani, linapanda nyanda za juu, linakuwa zito, na mfumo wa mafuta unabebeshwa lawama. Safari hii mwenye gari alikuwa na kitu ambacho wateja wengi hawana. Amekuwa mtunza stoo kwa miaka thelathini, na kwenye diari yake kila lita ya mafuta, kila kilomita na kila shilingi ya fundi imeandikwa kwa tarehe. Bila ile diari ningechelewa sana, na pengine ningebadilisha kitu cha nne kisichoumwa.

Gari lenyewe ni dogo, la petroli, lita 1.5, otomatiki, liliingia nchini likiwa limetumika Japani. Kilomita 168,000. Halina tabo (turbo). Mzee alistaafu, akahama Temeke mwezi wa tatu kuja kulima parachichi kwenye shamba la baba yake.

Diari inasema nini

Malalamiko yake yalikuwa manne, na aliyataja yote kwa pumzi moja kana kwamba ni ugonjwa mmoja: gari zito, breki ngumu, linakula mafuta, linakatakata. Nikamwomba tuyapange kwa tarehe. Hapo picha ikabadilika.

Uzito ulianza siku ya safari yenyewe, tarehe 12 Machi, kwenye mlima wa Kitonga. Breki ngumu aliiandika juma hilohilo; tarehe 20 pedi zikabadilishwa, shilingi 45,000. Aprili akabadilishiwa pampu ya mafuta, 120,000, kwa sababu "haivuti mlimani". Hapakuwa na nafuu. Lakini tazama safu ya mafuta: Temeke gari lilikuwa likienda kilomita 13 kwa lita. Machi na Aprili, Njombe, kilomita 13 kwa lita. Mwisho wa Mei ndipo inashuka hadi 11, halafu 10. Kisha Juni 8 nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta, zikasafishwa kwa 60,000 na plagi mpya kwa 80,000, na Juni 9, kwa mwandiko uliokandamizwa, ameandika: "Linakatakata. Taa ya injini imewaka."

Shilingi 305,000 zimekwenda, na tatizo la kukatakata limezaliwa siku moja baada ya fundi kugusa. Huo haukuwa ugonjwa mmoja. Nilihesabu magonjwa mawili, na hali moja ambayo si ugonjwa kabisa.

Kontroli boksi inajua iko wapi

Nilianza na tuhuma ya mwisho kwa sababu ndiyo rahisi kuipima. Unaunganisha skana, kifaa cha kusoma kompyuta hiyo, unafungua swichi bila kuwasha injini, unatafuta mstari wa mgandamizo wa hewa ya nje. Skana ikasoma kilopaskali 81.

Pwani, usawa wa bahari, hewa ina mgandamizo wa kilopaskali 101 hivi. Ukipanda mita 1,000 unabaki na 90. Mita 2,000 ni kama 80, mita 3,000 ni 70. Njombe mjini tuko karibu mita 2,000. Kwa hiyo 81 ni jibu sahihi: kifaa kilichodaiwa hakijui milima kilikuwa kinajua mlima kuliko sisi tuliokuwa tumekizunguka. Nilimwonyesha mzee kioo cha skana. Akavaa miwani, akakitazama muda mrefu, akasema, "Basi wameniona mjinga." Sikudhani hivyo. Waliomwambia waliamini wenyewe, na ni imani yenye historia.

Imani hiyo inatoka kwenye kabureta. Kabureta haina ubongo. Hewa inapita kwenye koo lake jembamba, inafyonza mafuta, na ile nguvu ya kufyonza haipungui kwa kiwango kile kile ambacho uzito wa hewa unapungua. Ukipanda juu, hewa inapungua uzito lakini mafuta yanaendelea kutoka kwa wingi karibu uleule wa pwani. Kwa mwinuko kama wa Njombe mchanganyiko unanenepa kwa asilimia 9 au 10. Plagi zinapiga weusi, ekzosi inatoa moshi mweusi. Mwalimu wangu wa gereji, aliyezeekea kwenye pikapu za kabureta, alikuwa na seti ya jeti ndogo (vitundu vya kupitishia mafuta) kwenye kopo la kahawa kwa ajili ya magari yanayohamia huku. Kwa gari la namna hiyo kusema "la Dar halijui milima" ni kweli tupu.

Ajabu ni kwamba maneno yamebaki lakini yamegeuka. Mafundi wa zamani walipunguza mafuta mlimani. Siku hizi nasikia vijana wakisema hewa ni chache, basi ongeza mafuta, safisha nozeli, weka pampu kali. Ukiongeza mafuta pale ambapo hewa imepungua unapata masizi na bili.

Injini ya EFI inapimaje hewa ya mlimani

Injini inataka gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli ili vyote viungue bila mabaki. Neno la kushika hapo ni gramu. Injini ya lita 1.5 inavuta ujazo uleule Temeke na Njombe, lakini ndani ya ujazo huo gramu ni chache huku. Asilimia ya oksijeni kwenye hewa haibadiliki, ni 21 pwani na 21 huku; kilichopungua ni hewa yote kwa pamoja. Kazi ya mfumo wa EFI, yaani wa kunyunyiza mafuta kwa amri ya kompyuta, ni kuzijua gramu hizo na kufungua nozeli kwa muda unaolingana nazo.

Gari la mzee linapima kwa sensa ya hewa ambayo mafundi wengi wanaiita eafulo, inayokaa mara baada ya filta. Ndani kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kontroli boksi inaongeza umeme ili waya usishuke joto. Umeme uliohitajika ndio kipimo. Hewa nyepesi inapoza kidogo, basi hesabu ya gramu inatoka ndogo yenyewe, bila mtu kuiambia sensa kwamba tumepanda mlima. Ndiyo sababu napenda mfumo huu kwa magari ya huku.

Magari mengine, na mengi ya miaka ya 1990 yako humu, hayana waya huo. Yana sensa ya mgandamizo iliyounganishwa kwa mpira mwembamba na manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Kontroli boksi inachukua mgandamizo wa manifoldi, joto la hewa na mizunguko ya injini, inapiga hesabu ya gramu. Mengi kati ya hayo husoma mgandamizo wa nje mara unapofungua swichi, kabla injini haijaanza kuvuta, na kuushika kichwani. Baadhi husahihisha tena pale tu pedali inapokanyagwa mpaka chini. Ukilitoa gari la aina hiyo Ruaha Mbuyuni hadi juu ya Kitonga bila kuzima wala kukanyaga mpaka mwisho, linaweza kuwa linatembea na namba ya bondeni. Madereva wa zamani wanaosimama juu, wanazima, wanawasha tena na kudai gari "limezinduka" si wote wanaota.

Na kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hawalijui kuhusu mfumo huu wa pili. Mlimani, hewa ya nje inausukuma moshi urudi ndani kwa nguvu ndogo, kwa hiyo silinda zinatoa moshi vizuri zaidi na kubakiza uchafu kidogo. Kwa mgandamizo uleule wa manifoldi, hewa mpya inayoingia huku inazidi kidogo ile ya pwani. Kontroli boksi isipojua mgandamizo wa nje itatoa mafuta pungufu kidogo. Ndiyo maana inazihitaji namba zote mbili.

Nyuma ya mifumo yote hiyo kuna mkaguzi: sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Inanusa moshi na kuambia kontroli boksi kama mafuta yalizidi au yalipungua. Kontroli boksi inaongeza au kupunguza papo hapo, na likijirudia inaliandika kama marekebisho ya muda mrefu. Skana inayaonyesha yote mawili kwa asilimia. Lakini mkaguzi huyu ana zamu. Injini ikiwa baridi hajaanza kazi, na ukikanyaga mafuta mpaka chini magari mengi hayamsikilizi. Yanaongeza mafuta kwa makusudi na kutegemea kipimo cha kwanza pamoja na yaliyokwisha kuandikwa. Kipimo cha hewa kikiwa cha uongo, basi utaumia pale pale mlimani ulipokanyaga kwa haja.

Barabarani, na kosa langu

Tulitoka na mzee upande wa Makambako, kijana wangu akishika skana, mimi kwenye usukani. Kwenye mwinuko mmoja nje ya mji nikaweka gia ya 2, nikakanyaga mpaka chini hadi mizunguko 4,500. Gari likakatakata kama alivyosema. Eafulo ilisoma gramu 41 kwa sekunde.

Hapo nilijikwaa. Kichwani nina namba niliyoizoea tangu nikiwa kibarua Dar: injini ya lita 1.5 kwa mizunguko hiyo inavuta gramu 57 hivi. Kati ya 57 na 41 kuna pengo la zaidi ya robo. Nikasema moyoni, eafulo imekufa. Nikawa nimeshashika simu kuagiza nyingine.

Kilichoniokoa ni kurudi kwenye hesabu ya kawaida. Injini ya lita 1.5 inajaza silinda zake zote mara moja kila mizunguko miwili. Kwa 4,500 kwa dakika ni lita 56 kwa sekunde. Haijai yote, chukua asilimia 90, unapata lita 50 na ushee. Dar, hewa inayoingia ikiwa na nyuzi 40, lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.12, jumla 57. Njombe, kwa kilopaskali 81 na nyuzi 25, lita moja ni gramu 0.95. Jumla 48.

Kwa hiyo gari zima kabisa, hapa kwetu, lingesoma 48. Pengo la kweli lilikuwa gramu 7, kama asilimia 15 tu. Zile 9 nyingine nilizodhani zimeibwa na sensa zilikuwa zimebaki Dar pamoja na hewa yake. Nasema haya kwa sababu chati nyingi wanazotumiana mafundi kwa simu zimeandikwa na watu wa usawa wa bahari, na ukizichukua kama zilivyo utatupa eafulo nzima kila gari linalofika mkoani kwetu.

Sasa 41 badala ya 48 ilikuwa na mwenzake. Gari likitembea na mzigo wa kawaida, marekebisho ya mafuta yote mawili kwa pamoja yalikuwa yameongezwa asilimia 18. Chukua 41, ongeza asilimia 18: unapata 48. Sensa ya oksijeni ilikuwa inapigia kelele hewa ileile iliyokosekana kwenye hesabu. Hewa ilikuwa inaingia kwenye injini bila kupita mbele ya waya. Na kodi (namba ya hitilafu) iliyowasha taa ilikuwa P0171, mchanganyiko mwembamba.

Mpira wa hewa

Hewa ya wizi inaweza kuingia sehemu mbili, na skana inakuambia ni ipi. Ikiingia baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali), kwenye gaskiti ya manifoldi au mpira wa vakyumu, tatizo ni kubwa injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa) na linapungua ukipiga resi. Hapa ilikuwa kinyume: sailensa asilimia 5, resi bila mzigo 9, barabarani na mzigo 18. Tatizo linakua kadiri injini inavyofanya kazi ngumu.

Nilipuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka mpira mkubwa unaotoka eafulo kwenda throto. Hakuna kilichobadilika. Kijana akanitazama kwa huruma. Nikamwambia akae ndani, akanyage breki kwa nguvu zote, aweke D na kupiga resi kidogo, sisi wengine tukasimama pembeni, si mbele ya gari. Injini ikainama kwenye maunti zake, na chini ya mpira ukasikika mlio wa mtu anayevuta pumzi kwa meno.

Tulipoutoa, mkunjo wa chini ulikuwa na mpasuko wa urefu wa pingili ya kidole. Injini ikitulia, midomo inafunga. Injini ikijinyonga chini ya mzigo, inafunguka. Mpira ulikuwa umri wa gari, umekakamaa, na asubuhi ya Juni mpira wa namna hiyo ni kama ganda la muwa. Aliyeng'oa boksi la filta ili afikie nozeli aliuvuta bila kulegeza klipu ya pili. Alama ya bisibisi ilikuwepo. Simlaumu sana, lawama yangu ni kwamba hakuwa na sababu ya kuzigusa nozeli.

Mpira uliotumika, shilingi 35,000.

Ulaji wa mafuta

Turudi kwenye diari. Kilomita 13 kwa lita Temeke, 13 Njombe Machi na Aprili. Hiyo peke yake inaondoa hatia kwa mwinuko. Kwa kweli, kwenye mwendo wa wastani gari la petroli huku halina sababu ya kula zaidi: ili lipate gramu zilezile za hewa throto lazima ifunguke zaidi, na injini inayovuta kupitia mlango uliofunguka inapoteza nguvu kidogo kuliko inayovuta kupitia tundu dogo.

Kilichobadilika mwishoni mwa Mei ni baridi. Nilikuwa nimeangalia joto la maji wakati wa safari. Mjini, kwenye foleni ya sokoni, lilifika nyuzi 82. Tulipotoka barabara kuu upepo ukalishusha hadi 61 na likakaa hapo. Nikamuuliza mzee kama kuna fundi aliyewahi kutoa thamostati, kile kilango kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto. Akafungua diari ya miaka mitatu nyuma: "Thamostati imetolewa, gari lisichemke."

Desturi hii ya kutoa thamostati nimeilalamikia mpaka nimechoka. Dar inafichika, kwa sababu joto la nje linasaidia. Huku Juni na Julai maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote na injini haipati joto lake. Kontroli boksi inaona nyuzi 61 na kuamini kwamba injini bado inapashwa moto, basi inaongeza mafuta unapokanyaga, inashikilia sailensa juu, na magari mengi hayaandiki marekebisho ya muda mrefu mpaka maji yafike kiwango fulani. Ndiyo kilichozipiga masizi plagi za zamani, zile za kwenye mfuko wa sandarusi. Fundi aliona weusi akasema nozeli zinamwaga. Nozeli zilikuwa zinatii amri.

Thamostati mpya 40,000, na 40,000 ya ufundi kwa yote mawili. Tulifuta kodi, nikalitembeza mwenyewe siku mbili. Maji yakakaa kati ya 85 na 89. Marekebisho ya mafuta yakashuka hadi asilimia 3. Mwinuko uleule, gia ileile, mizunguko 4,500: gramu 47.

Bado zito

Mzee akaliendesha, akarudi anatabasamu nusu. "Halikatikati tena. Lakini fundi, bado zito."

Hapo ndipo kisa kilipo. Mfumo wa EFI unalinda uwiano wa hewa na mafuta. Hauna uwezo wa kuzirudisha gramu zilizobaki pwani. Kwa joto sawa, hewa yetu ina uzito pungufu kwa asilimia 20 kuliko ya Dar. Ubaridi wa huku unarudisha kidogo, kwa hiyo pengo linabaki kama 16. Injini ikipata hewa pungufu kwa 16, inapewa mafuta pungufu kwa 16, na kwa kuwa msuguano wake wa ndani haupungui, nguvu inashuka kidogo zaidi ya hapo. Gari lenye nguvu farasi 100 Temeke lina themanini na kitu Njombe, na hapo hakuna kitu kibovu. Mzee alikuwa amelipandisha na watu watano na magunia, tena Kitonga, kisha likafika kwenye mji ambao hauna tambarare.

Akauliza kama petroli kali ingesaidia, kuna mtu alimshauri aweke dawa ya oktani. Haisaidii. Hewa ikiwa nyepesi mgandamizo ndani ya silinda unapungua, na injini inakuwa mbali zaidi na kugonga (petroli kujilipukia yenyewe), si karibu. Marekani, kwenye majimbo ya milima kama Colorado, vituo vimekuwa vikiuza petroli ya oktani 85 wakati kwingine kiwango cha chini ni 87, mazoea yaliyorithiwa tangu enzi za kabureta. Sisemi tuwaige, kwa sababu kontroli boksi za leo zinasogeza moto wa plagi mbele kufidia kidogo na zinataka petroli nzuri ya kawaida. Lakini dawa ya chupa haitaongeza hata gramu moja ya hewa.

Kinachoongeza hewa ni tabo. Inazungushwa na moshi na kugandamiza hewa kabla haijafika kwenye silinda, na mlimani inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi kufidia upungufu, hadi mwisho wa uwezo wake. Ndiyo maana malori ya dizeli yenye tabo yanapanda hapa yakilalamika kidogo kuliko gari lako dogo. Kwa gari la mzee ushauri wangu ulikuwa mfupi: usiogope kulikanyaga, shusha gia mapema kabla halijachoka, acha injini izunguke 4,000 bila kuihurumia.

Zile breki nazo. Pedi zilizotolewa zilikuwa na zaidi ya nusu ya unene. Buta ya breki, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, inasaidiwa na tofauti kati ya hewa ya nje na mvuto wa manifoldi. Sailensa, manifoldi ina kilopaskali 33 hivi, pwani au mlimani. Dar nje kuna 101, tofauti ni 68. Njombe nje kuna 81, tofauti ni 48. Msaada umepungua kwa karibu theluthi, na mguu unaujua. Breki zenyewe ni nzima, zinataka tu ukanyage zaidi. Hili nililisisitiza kuliko yote, kwa sababu mtu anayeteremka Kitonga akitegemea pedali peke yake, gia ikiwa D, ana msaada mdogo juu kabisa ya mlima, pale anapouhitaji kwanza.

Mzee aliandika yote kwenye diari, hata ile 48. Kabla ya kuondoka akaninunulia soda, na akaomba nimtafutie skana ndogo ya kuunganisha na simu. Nilidhani ni utani.

Desemba alishuka Dar kwenye harusi ya mjukuu. Ujumbe ulianza kuingia saa moja asubuhi. "Mafinga 81." Baadaye, "Iringa 85." Kisha kimya kirefu cha Kitonga, na nikamshukuru Mungu kwamba hakuwa anaandika huku anateremka. Saa tano akapiga simu kutoka Ruaha Mbuyuni, vitunguu vinauzwa nyuma yake kwa kelele.

"Fundi, tisini na tano!" alisema. "Limeamka hili gari, linataka kunitoka mikononi. Ulilifanya nini?"

Nikamwambia sijaligusa tangu Julai, na kwamba asilizoee sana, maana Jumatano ijayo anarudi nalo juu.